Kilemba cha Fundi

Wazee wa pwani walikuwa na desturi moja ambayo sisi vijana wa leo tunakutana nayo kwenye kamusi tu. Kijana akipelekwa kwa fundi, awe seremala, mhunzi au muunda majahazi, alikaa naye miaka. Alifagia, aliteka maji, alitumwa sokoni, na katikati ya kutumwatumwa huko akaokota ufundi punje kwa punje, kama kuku anavyookota mtama uani. Siku ya kuhitimu alimpa fundi wake kilemba. Pengine kilikuwa kilemba hasa, kitambaa cha kufunga kichwani. Pengine ilikuwa fedha au zawadi nyingine iliyobaki na jina hilohilo. Nadhani maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka: nimechukua kitu kwako, nacho hakikuwa cha bure.

Ninaandika haya kwa sababu nimewahi kuchukua ujuzi wa fundi mmoja na sikumpa kilemba. Sikuuchukua kwa ajili ya mikono yangu. Niliuchukua kwa ajili ya kompyuta, nikalipwa kwa kazi hiyo, na fedha nikazila.

Kiwanda chenyewe ni cha nguo, na jina lake nitalimeza. Mwaka 2018 kilikuwa kimepata wenyewe wapya, na wenyewe wapya wakaleta mitambo mipya. Getini likatundikwa bango: MAGEUZI YA KIDIJITALI. Chini ya maneno hayo palikuwa na picha ya kijana wa kigeni, meno yote nje, anagusa kioo cha skrini kwa ncha ya kidole kana kwamba anaonja chumvi. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nazunguka na bahasha ya vyeti jua kali, kama wenzangu. Nikachukuliwa kwa mkataba wa miezi mitatu. Kazi yangu ilikuwa kukaa na mafundi wa zamani, kuwauliza wanafanyaje kazi yao, kuandika, kisha kupeleka maandishi kwa watu wa programu wayageuze kuwa maagizo ya mtambo. Ofisini kazi hiyo ilikuwa na jina refu la Kiingereza. Mafundi wao waliniita Munkari. Mwanzoni nilicheka. Baadaye nikakumbuka kwamba Munkari na mwenzake Nakiri huwahoji watu wakishazikwa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia kiwandani, hebu nieleze kidogo. Nguo ina nyuzi za namna mbili: mtande, zile zinazonyooshwa kwa urefu, na mshindio, unaopita katikati yake kwa upana. Mtande ndio unaoteseka. Ndani ya mashine ya kufuma unavutwa, unapanda na kushuka, unasuguliwa maelfu ya mara kabla haujawa nguo. Ukipelekwa mtupu utakatika. Kwa hiyo nyuzi za mtande hupitishwa kwanza katika uji wa moto wa wanga, zikakamuliwa, zikakaushwa juu ya mapipa yaliyojaa mvuke, zikatoka zimevaa koti. Uji ukiwa mwepesi, uzi hukatika kwa kusuguliwa. Ukiwa mzito, au uzi ukikaushwa kupita kiasi, unakuwa kama tambi mbichi, unakatika kwa ukakamavu wake mwenyewe. Katikati ya makosa hayo mawili kuna njia nyembamba, na Fundi wangu alikuwa ameipita kwa miaka 31.

Nitamwita Fundi tu, maana ndivyo nilivyomwita. Alikuwa akichota uji kwa kijiti, anauacha udondoke, anatazama mkia wa tone. Kisha anakwenda upande wa pili, anashika uzi uliokauka, anausokota baina ya kidole gumba na cha shahada karibu na sikio.

"Unasikia?" ananiuliza.

Sisikii kitu. Ukumbi mzima unanguruma. Yeye mwenyewe sikio la kushoto lilikwisha kufa kwa ngurumo hizohizo, lakini uzi anausikia.

"Sasa hapo unaongeza maji kiasi gani, Fundi?"

"Kiasi."

"Lita ngapi?"

"Inategemea, mwanangu."

"Inategemea nini?"

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza bahari inaanzia wapi. Nikaandika: lita nne hadi sita. Bwana, kile kitu nilichoandika hakikuwa uongo. Lakini hakikuwa ukweli pia.

Wiki ya kumi na moja daftari lilijaa. Wiki ya kumi na mbili watu wa programu wakaja, wakaingiza. Mtambo mpya ukawa unapima joto la uji wenyewe, unahesabu dakika wenyewe, unapunguza na kuongeza mwendo wenyewe, na binti mmoja aliyetoka chuo cha ufundi akawekwa mbele ya skrini. Mwezi uliofuata Fundi na wenzake kadhaa wakapunguzwa. Palikuwa na sherehe ndogo: soda, keki, hotuba, cheti chenye fremu, saa ya ukutani. Meneja akasema Fundi ni hazina ya kiwanda. Mtu hamfukuzi hazina yake, nilijisemea moyoni, lakini sikusema kwa mdomo, nilikuwa nakula keki. Waswahili wana neno la heshima za namna ile: kumvika mtu kilemba cha ukoka.

Jumatatu ya pili baada ya sherehe, nyuzi zikaanza kukatika. Skrini inasema kila kitu sawa: joto sawa, dakika sawa, mwendo sawa. Huko kwenye ukumbi wa kufuma mashine zinasimama moja baada ya moja, wafumaji wanakimbizana kuunga nyuzi. Jumanne hali ikatulia. Jumatatu nyingine, yaleyale. Mimi mkataba wangu ulikuwa umekwisha, nilisimuliwa na yule binti. Jumamosi nikapanda daladala mpaka kwa Fundi, nikamkuta anachambua mchicha na wajukuu. Shikamoo, marahaba, chai ikaja. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hukuniuliza habari za Jumatatu," akasema.

Kumbe Jumapili kiwanda kinalala, na mabomba yanapoa. Jumatatu asubuhi mvuke wa kwanza ukipita katika bomba la baridi unageuka maji, na maji hayo yanaingia moja kwa moja kwenye uji wa wanga. Joto linafika palepale panapotakiwa, lakini uji umekwisha kuwa togwa. Kipimajoto hakioni togwa. Kwa miaka yote Fundi alikuwa akifika Jumatatu kabla ya saa kumi na mbili na nusu, anafungua koki ya chini, analiacha bomba, kwa maneno yake, likohoe mpaka litoe mvuke mkavu. Ndipo anaanza kupika, na uji wa kwanza anaupika mzito kidogo. Mimi nilikuwa nikifika saa mbili.

Hadi leo najiuliza: je, alisahau kuniambia, au alinificha?

Nilimwuliza. Hakujibu. Akamwambia mjukuu alete sukari. Nikaona nimekosa adabu, nikanyamaza. Lakini swali halikunyamaza. Na hapa ndipo, ndugu msomaji, ninapotaka tukae kidogo, maana swali la kama Fundi alikuwa na haki ya kunificha linategemea swali jingine kubwa zaidi: ujuzi ule ulikuwa mali ya nani?

Tuanze na mwenye kiwanda, tusije tukaambiwa tunahukumu upande mmoja. Ana hoja. Atasema: huyu bwana alikuja kwangu mwaka 1987 hajui kutofautisha mtande na mshindio. Uzi alioharibu akijifunza ulikuwa wangu. Saa alizojifunza nilizilipa mshahara. Mwalimu wake, mzee aliyemtangulia, nilimlipa pia. Sasa ananiambia ujuzi ni wake? Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na wanaoipuuza mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kulipa mshahara wa mtu. Naongeza kwamba ile idara ilikuwa tanuri. Mtu anatoka pale shati limelowa, kifua kinabana. Kama mtambo unaweza kukaa karibu na yale mapipa badala ya binadamu, mimi siwezi kulia. Kuna vijana wenzangu wa kalamu wanaosifia kazi ya mikono kwa shairi refu. Nawaomba wakafanye zamu moja tu kwenye kutia wanga, halafu waje na shairi.

Lakini hoja ya mwenye kiwanda ina tundu. Alilipa saa za kazi, na kwa saa hizo alipata nguo. Deni hilo lilikwisha kila mwisho wa mwezi, pande zote mbili. Sasa anachukua kitu cha pili. Anachukua kile kilichobaki ndani ya mtu baada ya nguo kuuzwa, kile ambacho miaka iliacha katika vidole kama mto unavyoacha tope. Hicho hakikuandikwa katika mkataba wowote wa mwaka 1987, wala hakuna aliyejua kwamba siku moja kitaweza kuchukuliwa bila kumchukua mwenyewe. Zamani ukitaka ujuzi wa Fundi ulilazimika kuwa na Fundi. Leo unaweza kuwa na ujuzi, au sehemu yake, na Fundi ukampa saa ya ukutani.

Jambo hili halikuanza na kompyuta. Mmarekani Frederick Taylor, katika kitabu alichokitoa mwaka 1911 kuhusu uongozi wa kazi kwa njia ya sayansi, aliandika bila kumung'unya maneno kwamba ni wajibu wa uongozi kukusanya maarifa yote ya jadi waliyo nayo wafanyakazi, kuyapanga, na kuyageuza kuwa kanuni. Yaani kichwa kihame kutoka kwa mfanyakazi kiende ofisini, mikono ibaki. Taylor aliamini kwamba mfanyakazi angefaidika kwa mshahara mkubwa zaidi. Mimi daftari langu la miezi mitatu lilikuwa mjukuu wa kitabu chake, na wala sikujua.

Na kuna kichekesho kingine ambacho mafundi wa nguo wanastahili kukijua. Kompyuta imezaliwa kwao! Katika miaka ya 1804 na 1805, kule Lyon, Ufaransa, Joseph-Marie Jacquard alitengeneza mtambo wa kufuma maua kwenye hariri kwa kufuata kadi zilizotobolewa matundu. Tundu likiwepo, uzi unapanda. Lisipokuwepo, uzi unabaki chini. Ujuzi wa kupanga nyuzi za ua ukahamia kwenye kadi. Katika miaka ya 1830 Mwingereza Charles Babbage akaazima wazo la kadi hizo kwa ajili ya mashine yake ya kukokotoa, ambayo hakuimaliza, lakini ndiyo babu wa hizi tulizo nazo. Kwa hiyo kompyuta iliposhuka katika kile kiwanda haikuwa mgeni. Ilikuwa mtoto aliyerudi nyumbani na kumwambia mzazi wake ahame chumba.

Hata Aristotle aliwahi kuligusa. Katika kitabu chake cha siasa alisema kwamba kama kitana cha mfumaji kingeweza kufuma chenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Watu wengi hulitaja jambo hilo kama ndoto nzuri ya uhuru. Mimi nikilisoma naona kitu kinachokosekana. Aliwaza kwamba bwana hatamhitaji tena mtumwa. Hakuuliza mtumwa asiyehitajika atakula nini. Swali la mlo hilo likaulizwa baadaye na watu wenye njaa. Kati ya mwaka 1811 na 1816 mafundi wa Uingereza walivunja mitambo ya kufuma usiku, na mwaka 1812 Bunge likapitisha sheria ya kuwaua wavunjaji. Jina lao, Luddites, siku hizi ni tusi, maana yake mshamba anayeogopa mashine. Wapi! Walikuwa mafundi waliotumia mashine kila siku. Walichokataa ni mashine kutumiwa kutengeneza bidhaa duni kwa mikono isiyofunzwa na ya bei chee, huku wao waliotumikia uanagenzi kwa miaka wakitupwa nje. Ukiondoa nyundo, ni swali la kilemba.

Basi, upande wa Fundi nao. Je, ujuzi ni wake peke yake? Hapa najikuta siwezi kumpa yote. Yeye naye alifundishwa. Yule mzee aliyemtangulia, ambaye Fundi alikuwa akimtaja kila siku kwa kumrehemu, alimwonyesha mkia wa tone na mlio wa uzi. Naye alionyeshwa na mwingine. Mtu aliyepokea kitu mkononi kwa mkono hawezi kusema ni changu mpaka kaburini. Tunawajua mafundi wachoyo, wale wanaokutuma ukanunue sigara kila wanapofika kwenye hatua yenyewe. Ufundi wao hufa nao na hatuwasifu. Mimi naona ujuzi ni amana zaidi kuliko mali. Aliye nao ana wajibu wa kuupitisha.

Lakini amana ina adabu yake kwa mpokeaji pia. Haiporwi. Kwa mwanafunzi wa kibinadamu adabu ile ilijilinda yenyewe: alikaa na mwalimu, alimwona akikosea, alijua siku zake za hasira, na mwisho akamfunga kilemba. Mtambo hauwezi kufanya lolote kati ya hayo. Je, deni linafutika kwa kuwa mwanafunzi ni chuma? Jibu langu ni kwamba halifutiki, linamwangukia mwenye chuma. Aliyempeleka mwanafunzi kwa fundi ndiye anayelipa ada.

Sheria zetu zinasemaje? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane na wahusika. Hiyo ni nzuri. Kisha inakuja kwenye kiinua mgongo: si chini ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, ila miaka inayohesabiwa haizidi 10. Fanya hesabu mwenyewe. Siku 70. Miaka 21 ya Fundi iliyobaki haikupata hata senti katika hesabu hiyo, na nadhubutu kusema ndiyo miaka aliyosikia uzi. Wenzetu Kenya, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, waliweka siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kwa anayepunguzwa, nayo ni afadhali. Mafao ya hifadhi ya jamii ni habari nyingine. Ile ni akiba ya mtu. Ninachosema ni kwamba sheria zote mbili zinahesabu muda aliokaa mtu. Hakuna inayouliza ameacha nini ndani ya mtambo.

Wapo watakaosema: mpe fedha zaidi yaishe. Fedha si mbaya, na mtu mwenye wajukuu watano hazikatai. Lakini fedha peke yake ingeacha kosa lilelile la Jumatatu. Mwanafalsafa Michael Polanyi, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Uingereza, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1966 kwamba mtu anajua mengi kuliko anayoweza kuyasema. Unamtambua rafiki yako katika umati wa Kariakoo, lakini jaribu kumweleza mtu mwingine namna unavyomtambua! Nikimfuata Polanyi, basi Fundi hakunificha kitu. Habari za Jumatatu kwake hazikuwa habari. Zilikuwa kuamka mapema. Hakuna mtu anayejihesabu pumzi.

Wakati mwingine naliamini jibu hilo, maana linatusafisha wote wawili. Wakati mwingine nakumbuka kile kicheko.

Profesa mmoja wa Marekani, Shoshana Zuboff, alitoa kitabu mwaka 1988 baada ya kukaa na wafanyakazi wa viwanda vya massa ya karatasi waliokuwa wanahamishiwa kwenye vyumba vya kompyuta. Watu hawa walikuwa wakijua hali ya massa kwa kuyashika, kwa harufu, kwa kuyatazama. Wakafungiwa nyuma ya kioo na namba. Walilalamika kwamba hawajui tena kinachoendelea, ingawa habari zilikuwa nyingi kuliko zamani. Lakini Zuboff hakuishia kwenye malalamiko. Aliona kwamba mashine ileile inaweza kumfanya mtu awe kipofu au impe macho mapya, kutegemea kama uongozi uko tayari kumwachia aelewe na aamue. Tatizo ni kwamba mfanyakazi anayeelewa huanza kuuliza maswali, na mameneja wengi wangependa skrini iwatii wao peke yao.

Nilimfikiria yule binti wa skrini. Watu husema vijana ndio washindi wa mageuzi haya. Mshindi gani? Amepewa namba ambazo hajui zimetoka wapi. Jumatatu zile mbili alifokewa kwa kosa lisilokuwa lake, na hakuwa na mtu wa kumwuliza, maana wa kuulizwa alikuwa nyumbani anachambua mchicha. Ukimtoa mzee ghafla, humwonei mzee tu. Unamfanya kijana yatima.

Kuna kampuni iliyoliona hili, nayo si ya watu maskini wasiojua mashine. Toyota, Japani, ambao kwa mashine wanajulikana dunia nzima, karibu mwaka 2014 walikuwa wamerudisha kazi fulani mikononi mwa binadamu katika baadhi ya viwanda vyao. Vijana wakawekwa wafue vyuma vya injini kwa mkono, si kwa ajili ya makumbusho, ila waijue kazi kutoka ndani ndipo waweze kuiboresha ile ya roboti. Aliyeongoza jambo hilo, Mitsuru Kawai, aliingia kiwandani hapo akiwa kijana wa shule ya ufundi ya kampuni katika miaka ya 1960, na mwaka 2017 akapandishwa kuwa mmoja wa makamu wa rais watendaji. Sisemi Toyota ni malaika. Nasema walifanya hesabu wakaona kwamba mashine hailei fundi, na bila fundi mashine inabaki palepale ilipowekwa. Kwetu sisi, tunaonunua mtambo mzima mzima ukiwa umefungwa kwenye sanduku na kitabu cha maelezo cha lugha nyingine, hesabu hiyo ingetufaa zaidi.

Turudi kwa Fundi. Kwa maoni yangu kilemba chake kingekuwa hivi. Angeonyeshwa kile nilichokiandika kwa jina lake, akisome au asomewe, akisahihishe. Angekaa mwaka mmoja na yule binti, analipwa kama mwalimu wala si kama kibarua, wakitazamana: yeye anamfundisha kusikia uzi, naye binti anamfundisha kusoma skrini. Kisha angeondoka akitaka. Gharama yake? Nina hakika nyuzi zilizokatika zile Jumatatu mbili zilikula sehemu kubwa ya mshahara huo.

Hili nililisema. Kiwanda kilinipigia simu, wakasikia ati najua tatizo la Jumatatu, wakataka niende siku moja niongeze kanuni kwenye mtambo, nauli na posho juu yao. Nikawaambia mwenye habari yupo, mwiteni yeye, mlipeni ualimu. Afisa utumishi akanikumbusha kwa upole kwamba mkataba wangu ulisema kila nilichokusanya ni mali ya kampuni. Nikamjibu kwamba hili sikulikusanya kazini. Nimelipewa Jumamosi, juu ya mkeka, kwa kikombe cha chai. Akasema watalifikiria. Usiku ule nilijiona shujaa, sitaficha.

Walifikiria, kweli. Baada ya wiki tatu binti akaniambia wamenunua kipimo kidogo cha mkononi. Unadondosha tone la uji kwenye kioo chake, unachungulia kwenye mwanga, kinakuonyesha wanga ni asilimia ngapi. Jumatatu asubuhi anapima, akikuta uji ni mwepesi anaongeza wanga. Basi. Nyuzi hazikatiki tena, na koki ya chini hakuna anayeifungua.

Ushujaa wangu ukaishia hapo. Nilikwenda kumweleza Fundi nikiwa na hofu, kama mtu anayepeleka habari ya msiba. Nilidhani atanuna, au atatafuta ila kwenye kile kipimo, na nilikuwa tayari kumsaidia kuitafuta. Akasikiliza mpaka mwisho, sikio zima kalielekeza kwangu.

"Tone moja tu?" akauliza.

"Moja."

"Na mwanga unaingilia wapi?"

Sikujua. Sijawahi kukiona. Akachukua kijiko, akachota chai yake, akakielekeza kijiko dirishani na kukiinamisha huku na huku, jicho moja amelifumba. Akanyamaza hivyo kitambo kirefu.

"Ungenifanyia mpango nikakione," akasema. "Siku moja tu. Sitakaa sana."

Nikamwambia nitajaribu. Getini siku hizi wanaingia kwa kadi, na yangu niliirudisha.